Sabuni Niliyoisahau Uyoma

Wazee wenzangu wa benchi, pale kwa fundi wa kuchomelea, nyinyi mnanijua. Nikianza hadithi ya kwenda dukani kununua chumvi, chumvi yenyewe mtaipata jioni. Sasa tangu nirudi mmenishika shati kila siku: "Mzee Ombima, ilikuwaje huko kwa wakwe? Mbona mama watoto akikuona anacheka peke yake?" Nikifungua mdomo, mmoja anakatiza na habari ya goti lake, mwingine anaitwa nyumbani. Basi nimeandika. Shule mimi niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo Mueni, mke wa kijana wangu, ndiye amepanga nukta. Ameniambia niweke kichwa kila mahali tulipopita ndiyo msipotee. Yeye ni Mkamba, anapenda vitu vikae kwa laini.

Ombi langu ni moja. Haya maneno yaishie hapa mtaani kwetu Satellite, Nairobi. Yasivuke daraja kwenda Uyoma.

Na kwa wale wasiojua mila, nianze na hiyo. Binti yangu Jentrix ameolewa huko Uyoma, ile nchi iliyoingia ndani ya ziwa kama ulimi, maji kulia maji kushoto. Ni miaka tisa. Kwetu Bunyore, na kwa Wajaluo wa huko ni vile vile, mzazi wa msichana haingii boma la wakwe kama mtu wa kusoma mita ya stima. Unangoja uitwe. Ukiitwa unaenda umevaa koti, umenyamaza, na kulala huko huwezi, jua likianza kuteremka unaaga. Mkwe humtazami sana usoni. Na mwili, hiyo hata usitaje. Wakwe wakionana bila nguo ni mkosi, ziara imevunjika hapo hapo, kila mtu anarudi kwake mpaka wazee wakae watengeneze. Na nyinyi mnajua wazee wakikaa.

Miaka tisa mama Haggai, mke wangu, hajawahi kuona hata mlango wa binti yake. Jentrix huja kwetu Krismasi. Mama yake anamuuliza, "Jiko lako liko upande gani?" Jentrix anachovya kidole kwa chai, anachora nyumba juu ya meza. Hapa mlango, hapa jiko, hapa ndoo za maji. Mama anaangalia mpaka chai inakauka. Halafu mwaka huu neno likaja: njooni Jumamosi, saa sita, muone boma mlilolipatia mtoto. Mama Haggai aliposikia aliketi chini sakafuni, na viti viko.

Satellite mpaka Westlands

Haggai, kijana wangu, ndiye alisema tusiende kama watu wa mazishi, kwenda na kurudi. Kwa sababu kulala kwa wakwe hatuwezi, tutoke Ijumaa, tulale lojing ufukoni, Jumamosi asubuhi tuizunguke hiyo rasi yote na gari, mtoto wake Neema aone ziwa, halafu saa sita tutokee kwa wakwe. Nikaona ni maneno ya mtu mzima.

Tulitoka baada ya maombi. Mama Haggai akiombea safari anataja kila mji. Alipofika Naivasha nilifungua jicho moja, nikapata Haggai naye amefungua lake.

Gari ni lile lake dogo la kubebea mikebe ya rangi ya duka. Mbele yeye na Mueni, nyuma mimi na mama, Neema katikati. Kwa buti kulikuwa na ndizi, unga wa wimbi, na jogoo wa kuwapa wakwe, ndani ya katoni yenye matundu. Neema alishampa jina. Alimwita Mchungaji, kwa sababu anaamsha watu Jumapili.

Hata hatujafika mbali Mueni akasema lazima apitie ofisini kwao Westlands aache funguo. Tukaingizwa chini ya ghorofa, mahali pa kuegesha, pana giza kama ndani ya mtungi. Mchungaji kuona giza halafu taa, akajua kumekucha. Akalia. Huko chini sauti inazunguka, ilikuwa kama jogoo kumi. Askari wa zamu akaja mbio na tochi.

"Nani amelia?"

"Ni simu," nikasema.

Jogoo akalia tena.

"Mzee, hiyo simu yako iko na manyoya?"

Haggai akaanza kuomba msamaha kwa Kiingereza. Askari hakumsikiza, alinimulika mimi. "Baba, kwenu ni wapi?"

"Bunyore."

"Aaa." Akazima tochi. "Mimi jirani yako, wa Kakamega. Si ungesema tu? Nendeni, nendeni. Na mumwambie huyo ndugu yetu wa manyoya huko anakoenda asiangalie nyuma."

Mtaona hilo swali la kwenu ni wapi. Nimekaa Satellite miaka zaidi ya arobaini, watoto wote nimewazalia hapa, lakini mtu akiniuliza kwetu ulimi unakwenda Bunyore peke yake. Wekeni hapo, nitalirudia.

Msongamano ulitushika hapo Westlands mpaka nikaanza kuwaonyesha njia ya Spring Valley, kule nilikofanya kazi ya bustani. Wafanyakazi tulikuwa na bomba moja nyuma ya nyumba, mimi, mpishi na askari. Ukiweka sabuni hapo, kesho haipo, na hakuna aliyeiona. Ndiyo nikajifunza kutoboa sabuni, natia uzi mwekundu, naivaa shingoni. Mpaka leo naoga hivyo hivyo, hata nyumbani kwangu ambapo mwizi ni mimi mwenyewe. Hiyo pia wekeni.

Westlands mpaka Nakuru

Mlima ule wa kuteremka bondeni mnaujua, sina haja ya kuwaeleza. Malori yalikuwa yamepangana kama tasbihi, tukaenda polepole, Neema akihesabu punda. Njaa ikatukuta hapo. Mimi nilikuwa nimeona mahindi ya kuchoma nikitaka kusema simameni, lakini Mueni akafungua chombo chake, alikuwa amepika muthokoi tangu jana. Ni mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yakapikwa na maharagwe.

Mama Haggai akachungulia. "Mwanangu, haya mahindi yamevuliwa nguo na nani?"

Mueni ni mpole lakini ana meno. Akasema, "Mama, kwetu hivyo ndivyo yanaheshimiwa. Yenye nguo tunawapa ng'ombe."

Nikajua leo kuna vita. Mama Haggai akachukua kijiko kimoja, cha kuonja tu. Akatafuna akiangalia nje. Akachukua cha pili. Tulipofika Nakuru alikuwa ameshika kile chombo mapajani, na mimi nikinyoosha mkono ananiambia ningoje mtoto ale kwanza. Mtoto alikuwa amelala.

Nakuru mpaka Kisumu

Huko juu, kukaribia Londiani, gurudumu likaisha pumzi. Mvua nayo ikaona hiyo ndiyo nafasi yake. Haggai akafungua buti, gurudumu la akiba lipo, jeki ipo, spana ya kufungulia nati haipo. Iko dukani, amefungulia mkebe wa rangi.

Tukasimama kando ya mama mmoja Mkipsigis aliyekuwa anauza viazi chini ya turubai. Alitusogezea tukaingia wote, na Mchungaji. Akaniuliza tunakwenda wapi na jogoo mzuri hivyo. Nikamwambia kwa wakwe, mara ya kwanza. Akaniangalia koti nililokuwa nimelipakata ndani ya karatasi ya nailoni, nisije nikalikunja.

"Unaogopa," akasema.

"Siogopi."

"Mzee, koti limefunikwa na wewe umelowa."

Dereva wa lori ndiye alitusaidia spana. Alikataa kupewa kitu, akachukua ndizi mbili tu. Yule mama wa viazi akamwambia mke wangu maneno ambayo nilikuja kuyakumbuka kesho yake: "Huko wakwe, dada, wewe chunga huyu mzee. Kwa wakwe hakuna kinachopotea njia kama mdomo."

Kericho tulipita majani chai yamesafishwa na mvua, kijani kama yamepigwa rangi ya Haggai. Tulikunywa chai kwa kibanda. Nilidhani mahali inapolimwa itakuwa na ladha ya ajabu. Ilikuwa chai.

Kisumu mpaka ncha ya rasi

Kutoka Kisumu tukashika njia ya Bondo, halafu Ndori tukaingia kushoto, na kutoka hapo unaanza kuwa ndani ya ule ulimi. Ziwa linajitokeza upande mmoja, linajificha, linatokea upande wa pili. Neema akauliza, "Babu, ni lile lile ama ni lingine?" Nikamwambia ni lile lile, ni sisi tunaozunguka. Nilijifurahia kwa hilo jibu.

Haggai alikuwa amechagua lojing kwa simu. Alituonyesha ramani: wakwe wako huku, ng'ambo ya kilima, na sisi tutalala kule, ukizunguka na barabara ni karibu saa nzima. Mbali vizuri. Maana ni aibu kulala karibu na wakwe, ni kama unachungulia sufuria yao kabla ya kuitwa. Nikasema sawa. Mimi na simu hatujuani sana, lakini nimejifunza kitu: ile ramani inaonyesha barabara. Haionyeshi njia ya miguu.

Jioni hiyo tulikula ngege wa kukaanga na ugali, samaki mzima kichwa kikitazama dari. Tukalala vizuri.

Ziwani

Asubuhi bomba la lojing likakauka. Mwenye nyumba hakusumbuka hata kidogo. "Maji si hayo?" akasema, akinyoosha mkono ziwani. "Wanaume chini ya ule mti wa mkono wa kulia, wanawake nyuma ya mawe. Kiboko hayuko, ameenda upande ule mwingine."

Jua lilikuwa ndiyo limetoka. Nilivua nguo zote, nikabaki na sabuni shingoni, nikasimama mguu mmoja ndani mmoja nje. Ndani ya maji kulikuwa na mzee mmoja, maji yamemfika kifuani, kichwa na mashavu vimejaa povu.

"Ingia, omera," akasema, yaani ndugu. "Ukisimama hivyo utadhaniwa korongo."

Nikaingia. Baridi ilinipanda ikafika mahali nikapiga kelele ndogo, na yeye akacheka.

"Wewe si wa huku."

"Mimi ni wa Bunyore."

Mmeona? Ningesema Nairobi, hadithi ingeishia hapo.

"Karibu. Wanyore ni watu wetu. Hata mke wa kijana wangu ni wa huko."

"Wasichana wetu mnawamaliza," nikamwambia.

"Kwani mlikuwa mnawaweka wa nini?" Akaona sabuni yangu. "Na hiyo je? Sabuni imefungwa kama mbuzi! Inatoroka?"

Nikamweleza habari ya bomba la Spring Valley, ila jina la mahali sikutaja, nilisema kazini. Alicheka mpaka akashika maji. Akaniambia nigeuke anisugue mgongo. Alikuwa na kipande cha wavu mkuukuu, hivyo ndivyo wanavyojisugua wavuvi, na nawaambia hakuna kitu kama hicho. Nilihisi vumbi la Naivasha linatoka. Nikavua sabuni nikampa aitumie.

"Leo nimeamka mapema," akasema huko nyuma yangu. "Nina wageni wazito. Wakwe, watu wa Nairobi."

"Pole, ndugu. Hata mimi leo naenda kwa wakwe."

"Basi wote tuko kwa moto. Wako wakoje?"

"Anza wewe."

"Mama ni mtu mzuri. Lakini yule mzee! Nilimwona siku moja tu, na huwezi kumtazama, ni mkwe. Lakini nilimsikia. Huyo hasemi neno bila kusafisha koo. Ukimuuliza habari, anasafisha koo. Ukimkaribisha chai, anasafisha koo. Sisi watu wa ziwa tulidhani ni injini ya boti imekataa kushika."

Nilicheka mpaka nikameza ziwa. Wazee, mnaocheka sasa hivi, niambieni: nani kati yenu anajua koo lake mwenyewe? Mtu hajisikii.

"Wangu anamshinda wako," nikamwambia. "Wangu, siku walipokuja kwetu, alikula mguu wa kuku akaumaliza, akaangalia huku, akaangalia kule, mfupa akauweka mfukoni. Mfukoni mwa koti! Miaka tisa najiuliza ule mfupa aliupeleka wapi."

Ule wavu ukasimama katikati ya mgongo wangu.

"Mfupa," akasema.

"Mfupa."

"Hiyo ilikuwa wapi?"

Nilikuwa nataka kumjibu kwamba ilikuwa kwangu, Satellite. Lakini nyinyi mnanijua. Kabla ya kujibu, nikasafisha koo. "Khm!"

Mkono ukatoka mgongoni mwangu kama umeguswa na makaa. Sikugeuka. Hata yeye najua hakuniangalia, nilisikia maji yakimeza kichwa chake, halafu miguu ikitoka mbio, halafu nguo, halafu kijiti kikivunjika huko kwa njia ya kilimani. Njia ya miguu, ile isiyo kwa simu. Dakika chache tu yuko kwake.

Nilibaki ndani ya maji mpaka vidole vikawa kama vya mtoto mchanga. Haggai alipokuja kuniita nilitoka bila hata kukumbuka sabuni.

Kuizunguka rasi

Sasa ndiyo ile safari yenyewe iliyotutoa Nairobi, ya kuona nchi. Na nchi ni nzuri, hilo siwanyimi. Barabara inapanda kidogo unaona ghuba mbili kwa wakati mmoja, mashua zimelazwa mchangani, omena, wale dagaa wa ziwa, wameanikwa juu ya nyavu wanang'aa kama mtu amemwaga sarafu. Kila mtu alikuwa anasema, "Baba, ona! Baba, angalia kule!" Nikiangalia naona povu.

Mama Haggai alikuwa amevaa gauni lake la kanisa na kitambaa kipya kichwani. Alikuwa anaimba chini chini. Huko kuimba ndiko kulikonimaliza.

Kwa mila, mkosi umeshatokea. Mtu mwaminifu angegeuza gari. Lakini nimwambie vipi huyu aliyeketi sakafuni siku ile? Tuliposimama mahali pa juu Neema apigwe picha, nikamvuta mama kando, karibu na duka moja la mabati.

"Mama Haggai, nimeoga na mkwe."

"Mkwe yupi?"

"Tuko na wangapi?"

Nikamweleza. Ya koo na ya mfupa niliyaacha kwanza, nikamweleza kuoga tu. Aliangalia ziwa.

"Alikuona?"

"Mgongo."

"Mgongo peke yake?"

"Maji yalikuwa mpaka hapa." Nikamwonyesha.

"Na kabla hujaingia majini?"

Nikakumbuka korongo.

Akakunja midomo. Sikujua ni kilio ama ni nini. Akasema, "Miaka tisa nangojea hii siku, Baba Haggai, na wewe umeamka asubuhi ukaenda kuiogea."

"Tunaweza kurudi. Tutume watu watengeneze."

"Hao watu wako wa kutengeneza nusu wamekufa na nusu hawasikii." Alifunga kitambaa upya, akakaza. "Tutaenda mpaka getini. Mwenye boma ndiye anayesalimu kwanza. Akisalimu, tumeingia. Asiposalimu, nitaliangalia lile jiko hata kwa mbali, halafu tugeuze."

Watoto hatukuwaambia. Barabara iliyobaki tulikaa tumeshikana mikono kama watu wanaopelekwa hospitali. Neema akanong'ona kwa mama yake, "Babu na nyanya wanapendana."

Getini

Boma ni safi, limefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana mchangani. Niliteremka na koti, tai, na jua la saa sita. Jogoo kwapani. Wazee wao walikuwa wamesimama kwa safu chini ya hema, na mbele yao yeye: koti jeusi, kofia, miwani, fimbo. Hakufanana kabisa na mtu wa ziwani. Ningeapa ni mwingine, isipokuwa nyuma ya sikio kulikuwa na povu dogo limekauka.

Jentrix alikuwa kwa mlango wa jiko, mkono umeshika fremu. Alikuwa anatuangalia kama mtu anayeangalia mzani.

Mkwe akaja mpaka hatua chache. Akasimama. Akaangalia viatu vyangu. Hata Mchungaji alinyamaza, na huyo hajui kunyamaza. Mama Haggai alikuwa haangalii mzee, alikuwa anaangalia ule mlango wa jiko, anapima, ananywa kwa macho, kwa sababu huenda ndiyo mwisho.

Halafu mkwe akavua kofia.

"Karibuni, wakwe zetu. Poleni na safari ndefu ya kutoka Nairobi."

"Tumepoa," nikasema. Koo lilikuwa linaniwasha kama nimemeza pilipili. Nilimeza mate.

"Tangu siku ile kwenu," akasema, na sauti akaipandisha wazee wote wasikie, "hatujaonana."

"Hatujaonana, mkwe."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo."

Akageuka kwa mke wangu. "Mama, na huko njiani hamkukutana na watu wetu?"

Mke wangu akapiga goti kidogo, vile anavyojua. "Tuliona maji tu, mkwe. Na maji hayana macho."

Yule mzee alitikisa mabega. Wazee wake walidhani anakohoa, mmoja akampiga mgongoni. Mimi mgongo wenyewe ulikuwa unanisisimka.

Tukaingia.

Chakula kilikuwa cha watu wanaoheshimu watu. Samaki, kuku, ugali wa mtama mweusi kama udongo wa kwetu. Wanaume tulikaa kutazamana, mimi na mkwe meza moja. Kuku akaja. Mkwe akachukua mguu. Akaula taratibu, akaumaliza, akaunyanyua ule mfupa juu kidogo, mahali ambapo ningeuona hata kama ni kipofu, akauweka katikati ya sahani yake. Tiii. Ulilia kama kengele. Na mimi, tangu saa sita mpaka tunaaga, sikusafisha koo hata mara moja. Machozi yalinitoka. Mzee mmoja wao akamwambia mwenzake, nilimsikia, "Huyu mkwe ana upendo, ona analia."

Mama Haggai hakula na wanawake wenzake mpaka alipoonyeshwa jiko. Alikaa huko ndani muda mrefu na Jentrix. Alipotoka alikuja akapita karibu yangu, akasema polepole, "Ndoo ziko pale pale alipochora. Ila dirisha hakuwahi kunionyesha. Kuna dirisha linaangalia ziwa." Halafu akarudi ndani kuliangalia tena.

Kurudi Satellite

Jua lilipoinama tukaaga, kama inavyotakiwa. Walitujazia gari: gunia la omena, mkeka, samaki wa kukaushwa aliyemfanya Mueni ashike pua mpaka Nakuru. Jentrix alitupungia mkono kutoka kwa lile dirisha, si kutoka getini. Nadhani alitaka mama yake amwone hapo.

Mkwe alinipa mkono akiangalia pembeni. Kwa mkono wa pili akanitilia kitu mfukoni mwa koti. Mfukoni. Kimefungwa kwa gazeti, kimekazwa kwa uzi wa wavu. Nami si mtu wa kufungua zawadi mbele ya mwenyewe.

Tulilala Kisumu, tukafika nyumbani Jumapili jioni, barabara nyeupe tupu isipokuwa hapo Kangemi, na hapo hata mfalme angengoja. Mama Haggai alikuwa jikoni, anachora kwa chai juu ya meza, anamwonyesha jirani, "Hapa mlango, hapa ndoo, na hapa, hapa kuna dirisha." Nikakumbuka koti. Nikakaa kitandani nikakata ule uzi.

Ndani kulikuwa na sabuni yangu, na kauzi kake kekundu, imekaushwa vizuri. Na kando yake mfupa wa mguu wa kuku, umeoshwa ukawa mweupe.

Mama Haggai akasimama mlangoni na kikombe.

"Amekupa nini?"

"Sabuni yangu."

"Na hicho kingine?"

Sasa ikabidi nimweleze ile sehemu niliyokuwa nimeiacha. Nikajiweka sawa, nikafungua mdomo. Lakini nyinyi mnanijua. Kwanza nikasafisha koo.